Povu Jema la Kunyolea Ndevu

Wasomaji wetu wa Nachingwea na Ruangwa, yawezekana mtacheka mkiona tumechukua nafasi kubwa namna hii kueleza habari za povu la sabuni. Mtasema, nani asiyejua kutoa povu? Hata mtoto afuaye nguo yake ya shule kisimani ajua. Lakini na tutazame nyuso zetu. Ingia katika shule yoyote asubuhi ya Jumatatu, au keti katika mkutano wa kijiji, utaona vijana na wazee wenye vipele vyeusi chini ya kidevu, wengine wana mikwaruzo shavuni, na wengine wana vidonda vyenye usaha shingoni. Ukiwauliza, kila mmoja atakujibu kwamba wembe wake ni mbaya. Sisi nasi tulikuwa tukisema hivyo kwa miaka kadhaa, mpaka tulipofundishwa kwamba mara nyingi wembe husingiziwa tu.

Tulipoanza kazi ya ukarani, tulikuwa tukiamka alfajiri, twachota maji ya kisima, twasugua kipande cha sabuni ya kufulia mashavuni kwa kiganja, kisha twapitisha wembe mbiombio ili tuwahi ofisini. Povu halikupatikana. Kilichopatikana ni utando mweupe kama ukoko wa uji, nao ulikauka usoni kabla wembe haujafika shavu la pili. Mwaka wa kwanza haukwisha ila shingo yetu yote ilikuwa imejaa vipele. Tukafunga kola juu ili kuvificha, na kola ikazidi kuvichuna. Siku moja tulitumwa kuandika maneno ya mkutano mkubwa wa kijiji. Tuliketi mezani mbele ya watu wote, na tulipoinamisha kichwa ili tuandike, tone la damu likaanguka juu ya karatasi. Watoto waliosimama dirishani wakacheka. Mzee mmoja akawakemea, naye alifanya vema, lakini haya tuliyoiona siku ile hatujaisahau mpaka leo.

Jioni ya siku ile ile tulikwenda Nachingwea mjini kwa mzee mmoja kinyozi, ambaye watu walimsifu kwamba wembe wake hausikiki.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba, mwanangu. Keti.”

Hakutuuliza habari za wembe hata kidogo. Alitushika kidevu, akatugeuza kwenye nuru, akapapasa vile vipele kwa ncha ya kidole, kisha akauliza, “Unanyoa kwa maji ya wapi?” Tukamtajia kisima chetu. Akatikisa kichwa kama mtu aliyeisikia habari hiyo mara nyingi.

Basi akaleta chupa mbili safi. Katika chupa moja alitia maji ya bomba la kisima kilicho karibu na kibanda chake, na katika ya pili alitia maji ya mvua kutoka dumu alilolifunika vizuri. Kila chupa aliijaza mpaka nusu. Akakwangua sabuni kwa kisu, akatia vipande sawasawa katika chupa zote mbili, akatupa sisi tuzitikise. Tulizitikisa tukihesabu mpaka 30. Chupa ya maji ya mvua ilijaa povu jeupe mpaka shingoni, nalo likadumu tangu tulipoanza kunyolewa hata tulipokwisha. Chupa ya maji ya kisima ilitoa mapovu machache makubwa makubwa yaliyopasuka upesi, na maji yake yakageuka kuwa kama maziwa yaliyoharibika, yenye vijibonge vyeupe vinavyoelea.

“Sabuni ni ile ile,” akasema mzee, “na mkono ni ule ule. Sasa niambie kosa ni la nani.”

Yafaa tueleze sababu yake, maana walimu wataulizwa na wanafunzi. Maji ya mvua yashukapo kutoka mawinguni hayana madini ya kuhesabika. Lakini yapenyapo ardhini na kukaa miongoni mwa mawe kwa muda mrefu, huyayeyusha madini ya mawe hayo, hasa ya jamii ya chokaa, yaitwayo kalsiamu na magnesiamu. Maji ya namna hiyo huitwa katika vitabu maji magumu, na watu wetu huyaita maji yanayokataa sabuni. Si kwamba yanaikataa. Kwa hakika yanaishika mno. Madini hayo hukamatana na sabuni na kufanya kitu kipya kisichoyeyuka, ndio ule utando na vile vijibonge. Sabuni iliyokwisha kukamatwa haiwezi tena kufanya povu. Ndiyo maana mtu mwenye maji magumu husugua na kusugua: sehemu ya kwanza ya sabuni yake yote huliwa na madini, na povu huanza tu baada ya madini hayo kushiba. Tena ule utando hubaki juu ya ngozi, hukausha uso na kuziba vinyweleo.

Hatusemi kwamba visima vyote vya Nachingwea na Ruangwa vina maji magumu. Visima viwili vya kijiji kimoja vyaweza kutofautiana, na maji ya mto si kama maji ya kisima kirefu. Kila mtu na ajaribu maji yake kwa chupa kama tulivyoeleza. Kazi hiyo haichukui dakika 5, na shule yenye chupa kadhaa yaweza kuyapima maji ya mitaa yote kwa asubuhi moja, watoto wakileta kila mmoja maji ya kwao.

Akiyaona maji yake ni magumu, afanyeje? La kwanza na lililo bora ni kuweka akiba ya maji ya mvua. Huku kwetu mvua hunyesha kwa msimu mmoja mrefu, kuanzia Novemba au Desemba hata Aprili au Mei, na nyumba nyingi sasa zina mabati. Iache mvua ya kwanza ioshe vumbi na kinyesi cha ndege juu ya bati, kisha kinga. Kunyoa ndevu hakuhitaji zaidi ya vikombe 2 vya maji, kwa hiyo dumu moja la lita 20 lililofunikwa vizuri lisipate nuru wala mbu, likitumika kwa kunyolea tu, humtosha mtu anyoaye mara mbili kwa wiki kwa muda wa miezi kadhaa. Tumeona watu wakicheka neno hili la kuwa na maji ya ndevu peke yake. Waache wacheke, sisi tunalo dumu letu nyuma ya mlango.

La pili ni kuchemsha. Ugumu wa namna moja, ule utokanao na chokaa, huondoka maji yakichemka sawasawa: chokaa hutengana na maji na kushika ndani ya sufuria. Ndio ule ukoko mweupe mnaouona ndani ya birika kuukuu. Yachemshe, yaache yatulie, kisha mimina taratibu yale ya juu. Lakini uko ugumu wa namna nyingine usiosikia moto, na kama maji yako yakichemshwa bado yanakataa sabuni, rudi kwenye dumu la mvua. Bibi zetu walijua pia dawa ya majivu. Maji ya majivu yaliyochujwa, yakitiwa kidogo katika maji magumu, huishusha chokaa chini. Dawa hiyo ni njema kwa kufulia, lakini kwa uso hatuipendi hata kidogo, maana maji ya majivu huchoma ngozi, hasa ngozi iliyokwisha kukwaruzwa.

Tena pana sabuni iliyo na subira kuliko nyingine mbele ya maji mabaya, nayo ni ile iliyopikwa kwa mafuta ya nazi. Mabaharia waliijua zamani, kwa kuwa hutoa povu hata katika maji ya bahari, ambako sabuni nyingine hushindwa kabisa. Kwa watu wa mkoa wa Lindi, ambao minazi ya pwani yao si mbali, neno hilo lafaa kukumbukwa.

Na kwa kuwa tumetaja mafuta, hatuwezi kuipita Nachingwea bila kukumbusha jambo ambalo vijana wengi hawalijui. Mashamba makubwa ya karanga yaliyofunguliwa na serikali ya Waingereza kuanzia mwaka 1947, kwanza Kongwa, kisha Urambo na Nachingwea, yalifunguliwa kwa ajili ya njaa ya mafuta. Baada ya vita vya 1939 hata 1945, Uingereza ilikuwa na upungufu mkubwa wa mafuta ya kula, na mafuta hayo hayo ndiyo yapikwayo sabuni. Kwa sababu hiyo sabuni ilikuwa ikigawanywa kule kwa kipimo, tangu mwaka 1942 hata mwaka 1950. Kampuni iliyopewa kuanza kazi ile, United Africa Company, ilikuwa tawi la Unilever, yaani watengenezaji wa sabuni wenyewe. Mpango ule ulianguka, na mwaka 1951 ukaachwa. Karanga zilizopatikana hazikulingana kamwe na fedha iliyozama. Hivyo wazee wa Nachingwea waliofyeka misitu ile, kwa namna fulani, walikuwa wakifyeka kwa ajili ya povu la watu wa mbali.

Turudi kwenye kikombe chetu. Sabuni ya kunyolea si sawa na sabuni ya kufulia, wala haikuitwa hivyo kwa sababu ya manukato. Sabuni ya mche ya kufulia hupikwa kwa soda kali, ili iwe ngumu na iondoe mafuta. Sabuni ya kunyolea hupikwa kwa mafuta yenye asidi ya steariki kwa wingi, na pamoja na soda hutiwa potashi, ndiyo inayoifanya iwe laini na kuyeyuka upesi katika maji machache. Mara nyingi huachiwa pia gliserini, ambayo huzuia maji yasikauke. Kwa mchanganyiko huo povu lake huwa zito, lenye vijipovu vidogo mno visivyoonekana kwa macho, nalo hukaa. Huuzwa kama kidonge cha mviringo, au kijiti, au malai ndani ya mrija. Asiyeipata atumie sabuni ya kuogea iliyo laini, ikwanguliwe ndani ya kikombe pamoja na matone machache ya gliserini kutoka duka la dawa. Haitakuwa sawa na ile ya kunyolea, lakini itamfaa. Sabuni ya kufulia iachwe kwenye kanga na mashuka.

Habari za brashi zahitaji maneno zaidi kidogo, kwa sababu watu wengi hawaioni kuwa kitu cha lazima. Husema, kiganja chatosha. Lakini kiganja hupaka tu. Hakiingizi hewa katika sabuni, wala hakiinui unywele. Brashi hufanya mambo matatu kwa pamoja: hubeba maji, huyachanganya na sabuni na hewa mpaka povu liwe zito, na huzisimamisha ndevu zilizolala ili zizungukwe na povu pande zote. Kwa nywele zetu zilizojikunja, jambo hilo la tatu ndilo kubwa kuliko yote.

Ziko brashi za namna tatu au nne. Iliyo na sifa nyingi hufanywa kwa manyoya ya mnyama mmoja wa Ulaya na Asia aliye wa jamii moja na nyegere wetu. Bei yake ni kubwa. Ile ya bei nafuu, inayoenea katika maduka ya nchi nyingi, hufanywa kwa nywele za nguruwe. Neno hilo twalisema waziwazi, kwa kuwa ndugu zetu Waislamu ni wengi huku, na haifai mtu anunue kitu kama hicho bila kujua. Mwenye kuchukizwa nacho aulize dukani brashi ya nyuzi zilizotengenezwa viwandani, ambazo hazikutoka kwa mnyama yeyote. Brashi hizo siku hizi ni nzuri sana, hukauka upesi, na sisi wenyewe ndizo tutumiazo.

Kwa sababu brashi yaonekana kitu chepesi kutengeneza, tumewahi kuona fundi akifunga singa za mkia wa ng’ombe katika kipande cha mwanzi. Yafaa mjue hatari yake. Katika vita vikuu vya 1914 hata 1918, askari na raia wa Uingereza na Marekani waliugua kimeta usoni na shingoni, na baadhi yao walikufa, kwa sababu ya brashi za kunyolea zilizofanywa kwa nywele za farasi zisizosafishwa sawasawa. Mwaka 1920 Uingereza ilipiga marufuku kuingiza brashi za kunyolea kutoka Japani kwa ajili ya ugonjwa huo. Vijidudu vya kimeta hujifunga katika maganda magumu na kukaa hai ndani ya nywele, ngozi na udongo kwa miaka mingi, wakingojea mkwaruzo mdogo wa kuingilia. Na uso ulionyolewa hauna uhaba wa mikwaruzo. Kwa hiyo singa za mnyama aliyekufa kwa ugonjwa usiojulikana zisiguswe kabisa, seuze kupakwa usoni.

Sasa kazi yenyewe. Yule mzee aliifanya taratibu mbele yetu, kisha akatufanya tuirudie mara tatu, na mara mbili za kwanza alilimwaga povu letu nje bila kusema neno.

Osha uso kwanza kwa maji ya moto kiasi cha kuvumilika, au ukande kwa kitambaa kilicholoweshwa, kwa muda wa dakika 2 au 3. Unywele mkavu ni mgumu kama uzi wa chuma, lakini ukinywa maji huvimba na kulegea, na wembe huukata kwa nguvu ndogo zaidi. Wakati huo huo brashi yako na iwe imelala ndani ya maji ya moto, si yachemkayo, maana yachemkayo huharibu nywele za brashi na gundi ya mpini. Kwenye kidonge cha sabuni mimina maji kiasi cha kijiko kimoja, yailoweshe.

Itoe brashi, uikung’ute mara mbili tatu. Hapo ndipo wengi hukosea. Brashi ikijaa maji, mwanzo wake huwa mapovu makubwa kama ya beseni la kufulia, yanachuruzika mpaka kiwikoni, wala hayarudi kuwa mazito. Ikikauka mno, hupata lami inayonata. Iwe imelowa, lakini isidondoke. Mwaga maji yaliyo juu ya sabuni, kisha zungusha ncha ya brashi juu yake bila kuikandamiza, kwa muda wa kuhesabu mpaka 30. Kwa maji magumu hesabu mpaka 60, kwa kuwa ni lazima madini yapate fungu lao kwanza. Ukiona ncha za brashi zimejaa kitu kizito kama tui la kwanza, sabuni imetosha.

Ihamishe brashi katika bakuli safi, au moja kwa moja usoni, ukaanze kulijenga povu. Mzee wetu alipendelea bakuli la udongo, kwa kuwa lashika joto na ubavu wake si utelezi. Koroga kwa kuzungusha, kisha chovya ncha ya brashi katika maji, tone tatu au nne tu, koroga tena. Rudia hivyo mara nne au tano. Usiwe na haraka ya maji. Kila utiapo matone machache utaona povu linapanda na kung’aa zaidi, mpaka lifike mahali ambapo ukiinua brashi, linasimama kama kilele cha kichuguu na ncha yake inainama kidogo bila kuanguka. Likisimama wima na kukatika, laomba maji. Likitiririka, umelizamisha, na dawa yake ni kurudi kwenye sabuni, si kukoroga zaidi. Liguse kwa vidole viwili uvisugue: vidole na viteleze kama vilivyopakwa mafuta. Mapovu yenye macho makubwa, hata yakijaa bakuli tele, ni hewa tupu.

“Povu la kupendeza macho ni la watoto,” mzee alituambia. “Wewe tafuta la kuteleza.”

Lipake usoni kwa kuzungusha brashi, ukipanda juu na kushuka, ili ndevu zinyanyuke. Usisukume kwa nguvu. Brashi si ufagio. Baada ya kupaka, subiri. Hesabu mpaka 60 kabla ya kushika wembe. Tulimwuliza mzee kwa nini tungoje na povu liko tayari, akatujibu kwamba shamba halilimwi wakati mvua inapoanza kudondoka, lazima maji yaingie kwanza. Povu kazi yake ni mbili: kuyaweka maji juu ya unywele yasikauke, na kuuteleza wembe juu ya ngozi. Kazi ya kwanza yahitaji muda.

Kuhusu kunyoa kwenyewe tutasema machache. Wembe uwe mkali na safi, nao ufuate upande ziliko lala ndevu. Ngozi usiivute sana wala usirudie mahali pasipo na povu. Vile vipele vya shingoni hutokea hasa kwa watu wenye ndevu za kujikunja kama sisi: unywele ukatwao karibu mno, au kinyume cha ulalo wake, huwa na ncha kali kama mwiba, nao ukuapo hujipinda na kuchoma ngozi tena, ukaingia ndani. Mwili huuona kama mgeni, ukavimba. Kwa hiyo anayetaka kidevu laini kama cha mtoto ndiye apataye vipele kwanza. Acha mashina madogo yabaki. Na ikiwa shingo imekwisha kujaa usaha, weka wembe chini kwa wiki kadhaa na uende zahanati; hapana povu liwezalo kuponya hali hiyo. Ukimaliza kunyoa, osha kwa maji baridi. Kipande cha shabu kilicholoweshwa huzuia damu ya mkwaruzo mdogo, ila kila mtu na awe na chake.

Neno hilo la kila mtu na chake latufikisha kwenye jambo ambalo tungeliandika kwa herufi kubwa kama tungeweza. Penye jando, penye matanga, na penye kila shughuli ambapo vichwa vingi hunyolewa siku moja, bado zipo nyumba ambazo wembe mmoja huzunguka kichwa baada ya kichwa, na bakuli moja la povu, na brashi moja. Watu wengi wamekwisha kusikia habari za UKIMWI, na huutupa wembe. Hata hivyo brashi hubaki. Brashi iliyopita juu ya mkwaruzo huondoka na damu, huipeleka bakulini, na bakuli huigawa kwa wote waliobaki kwenye foleni. Virusi vya homa ya ini aina ya B vyaweza kukaa hai nje ya mwili, katika damu iliyokauka, kwa muda wa siku 7 au zaidi. Watoto wachanga siku hizi huchanjwa dhidi ya ugonjwa huo, lakini watu wazima walio wengi hawakuipata chanjo hiyo utotoni. Mapunye ya kichwani nayo hupanda brashi bila nauli.

Viongozi wa vijiji na wazee wa jando wana nafasi hapa kuliko sisi wenye kalamu. Siku ya kunyoa vichwa vingi, iwekwe sharti ya wembe mpya kwa kila kichwa, na brashi isitumike kabisa. Povu lipigwe katika bakuli moja kubwa na mtu mmoja, kisha lichotwe kwa kijiko safi na kuwekwa kwenye kiganja cha mzazi au mlezi wa kila mtoto, naye ampake wake. Mikono hiyo ioshwe. Tuliona jambo hilo likifanywa hivyo katika kijiji kimoja cha Ruangwa, kwa agizo la bibi mmoja aliyewahi kuwa mkunga wa zahanati. Wazee walinung’unika kwamba shughuli inachelewa. Ilichelewa kwa nusu saa.

Kinyozi wa mjini naye ulizwe bila kuona haya: brashi hii ni ya nani? Kinyozi mwema hakasiriki. Wengi sasa hutumia mashine za umeme na povu la kopo, hawana brashi. Lakini walio nayo, mteja anayekwenda kila wiki aweza kununua yake na kuiacha pale ikiwa imeandikwa jina, kama ambavyo watu huacha mto wao wa kusalia au kikombe chao cha kahawa mahali wanapozoea.

Brashi ikitunzwa hudumu miaka. Baada ya kazi iko desturi mbaya ya kuisimamisha ndani ya kikombe na povu lake, ikakaa hivyo mpaka kesho. Sabuni hukauka kati ya nywele na chini yake huoza, utaisikia harufu. Isuuze kwa maji safi mpaka maji yatoke bila weupe, uikung’ute kwa nguvu, uipanguse kwa kitambaa, kisha uitundike nywele zikiangalia chini mahali penye upepo. Ikiwa maji yako ni magumu, utaona baada ya miezi michache nywele zimekuwa ngumu na zina unga mweupe kwenye mashina. Iloweke kwa dakika 10 katika kikombe cha maji ya vuguvugu yaliyotiwa maji ya nusu limau, uisuuze kwa maji ya mvua, nayo italainika tena.